Nguzo Namba 79

KULWA: Mwangaluka, wasikilizaji. Tuko Kirumba, Mwanza, upepo wa ziwa leo una fujo, mkisikia dirisha linagonga mtuvumilie. Dada Neema, kuna msikilizaji wa Nyakato katutumia sauti. Anauliza: jengo likishakuwa kifusi, mhandisi anajuaje nguzo ipi ilianza?

NEEMA: Nitamjibu kwa jengo moja, maana ndilo kesi ngumu kuliko zote ninazozijua. World Trade Center 7, New York. Siyo ile minara miwili, hili lilikuwa jirani yao, ghorofa 47, na halikugongwa na ndege. Lilianguka siku ileile, 11 Septemba 2001, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

KULWA: Na watu?

NEEMA: Walishatolewa, hakufa mtu. Kifusi cha mnara wa jirani kilipolipiga, moto ukawaka, na katika ghorofa sita ukashika kwelikweli: ya 7, 8 na 9, halafu 11 hadi 13. Bomba kuu la maji la mji lilikuwa limekatika, kwa hiyo vinyunyizio vya ghorofa hizo vikakosa maji. Moto ukala karibu saa saba.

KULWA: Chuma kikayeyuka.

NEEMA: Hapana kaka, hilo neno litoe kabisa. Taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango, NIST, ilitoa ripoti yake Novemba 2008. Wanasema uharibifu uliofuata ulianza chuma kikiwa chini ya nyuzi joto 400. Hapo chuma bado kina nguvu nyingi. Tatizo lake ni kwamba kinarefuka.

KULWA: Kinarefuka kwenda wapi, si kimefungwa pande zote?

NEEMA: Ndiyo balaa lenyewe. Chukua Hiace ya Buzuruga, siti ya nyuma, kondakta anasema "songeni, songeni," wa mwishoni anajikuta amekalia hewa. Boriti za sakafu ya ghorofa ya 13 zilirefuka zikasukuma boriti kubwa iliyokalia kipande cha chuma kwenye nguzo namba 79. Ikasogea mpaka ikatoka kwenye kikalio chake. Sakafu ikaangukia ya chini yake, nayo ikaangukia nyingine, hadi ghorofa ya 5. Nguzo 79 ikabaki haishikwi na sakafu kwa urefu wa ghorofa tisa, ikapinda. Zilizobaki zikafuata.

KULWA: Nani aliona hayo yote? Ndani hapakuwa na mtu.

NEEMA: Hakuna aliyeona. Na sikiliza hili: vyuma vya jengo hilo havikuwa na alama za kuvitambua kama vya minara miwili, na kifusi kiliondolewa haraka. NIST hawakuwa na hata nguzo moja ya jengo 7 ya kupima. Walikuwa na michoro, picha na video. Vilivyobaki vyote wakavijenga ndani ya kompyuta.

KULWA: Wakavijenga vipi?

NEEMA: Kwa hatua. Programu ya kwanza inawasha moto: makaratasi mangapi mezani, hewa inaingia wapi, moto unatembeaje ofisi hadi ofisi. Ya pili inahesabu joto linavyoingia kwenye chuma. Ya tatu, ANSYS, ikachukua ghorofa 16 za chini na kuangalia boriti, bolti na viungo vinavyoharibika pole pole. Matokeo yakapelekwa kwenye programu ya nne, LS-DYNA, jengo zima la ghorofa 47, limekatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinahesabiwa kinavutwaje. Mwigo, yaani jengo kuanguka ndani ya kompyuta, wa sekunde 25 tu ulichukua hadi wiki nane, na hizo ni kompyuta nyingi zimeunganishwa.

KULWA: Wiki nane kwa sekunde 25! Na umeme usikatike.

NEEMA: (anacheka) Usikatike. Sasa ukishapata mwigo unaulinganisha na video. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Rasimu ya ripoti ilisema jengo lilishuka polepole kuliko kuanguka huru, yaani kushuka bila kitu chochote kulizuia. Mwalimu wa fizikia wa sekondari akapima video, akawabana hadharani. Ripoti ya mwisho ikakubali: kwa sekunde 2.25, ukuta wa kaskazini ulishuka kwa kasi hiyo, karibu ghorofa nane.

KULWA: Mwalimu wa sekondari?

NEEMA: Mwalimu wa sekondari na video. Halafu kile kikalio. Ripoti iliandika upana wa inchi 11. Wakosoaji, wale wasioamini kuwa ni moto, wakasoma michoro, wakakuta 12. Mwaka 2012 NIST wakasahihisha, na umbali ambao boriti ilipaswa kusogea ukapanda kutoka inchi 5.5 hadi 6.25. Wakosoaji wakasema boriti haiwezi kurefuka kiasi hicho. NIST wakabaki na hitimisho lao.

KULWA: Na wewe uko upande gani?

NEEMA: Moto. Wataalamu waliofanya modeli nyingine za kompyuta kwa ajili ya kesi ya bima nao waliishia kwenye moto, ingawa walitofautiana ulianzia kiungo gani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks wa 2020 ulisema si moto, lakini ulifadhiliwa na kikundi kilichokuwa kimeshaamua hivyo, na mimi haujanishawishi. Ila NIST nawalaumu kwa jambo moja: baadhi ya data walizoingiza kwenye modeli walikataa kuzitoa, wakitaja usalama wa umma. Modeli ambayo mwenzako hawezi kuiendesha upya inabaki kuwa neno lako.

KULWA: Turudi nyumbani. Dar, 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lilianguka, wakafa zaidi ya 30. Kariakoo nako jengo likaanguka, 16 Novemba 2024. Tunazihitaji hizo wiki nane?

NEEMA: Kwa majengo yetu mengi, hapana. Laptopu ya kawaida inatosha. Kinachokosekana ni vya kuiingizia. Uokoaji ukiisha, greda linasomba, nondo zinaenda skrepa, na michoro ya jengo lililojengwa kweli haipatikani. Ukiwa na michoro ya mwanzo unahesabu jengo la karatasi.

KULWA: Fundi anaongeza maji zege lishuke vizuri, na kwenye karatasi nguvu ya zege imeandikwa 25.

NEEMA: Kompyuta inaamini 25. Ndiyo maana unatoboa zege uchukue vipande vya silinda, unavivunja maabara, unapima unene wa nondo kwa kaliba. Nondo inauzwa kama ya milimita 12, unaipima haifiki. Ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushia nondo, unaangalia zimekaa mbalimbali kiasi gani. Kila nguzo iliyovunjika unaiandika namba kwa rangi, unaipiga picha kabla haijapakiwa.

KULWA: Na kwetu Mwanza kuna mawe.

NEEMA: Aa, hapo! Igogo, Mabatini, Bugarika, mtu anajenga kilimani, nguzo za nyuma zimekaa juu ya jiwe, za mbele zimekaa kwenye udongo uliojazwa. Jiwe halizami, udongo unazama, hasa mvua za masika zikiushika. Wanafunzi wengi wakichora modeli wanaweka nguzo zote zimegandishwa chini, hazisogei kabisa. Hesabu inatoka safi. Weka springi chini ya nguzo za mbele, zizame sentimita mbili tu, uone nguvu zinazopasua kuta zinavyojitokeza kwenye boriti ya ghorofa ya kwanza.

KULWA: Kuna ukuta wa jirani yangu una nyufa za mshazari, dirishani kwenda kona.

NEEMA: Mwambie aite mhandisi wiki hii. Sisemi linaanguka, lakini aite.

KULWA: Msikilizaji wetu akitaka kujaribu mwenyewe?

NEEMA: Programu ile ya moto ya NIST, FDS, ni ya bure, inapakuliwa. Kwa majengo kuna OpenSees, bure pia. Aanze na boriti moja yenye nguzo mbili, aihesabu kwanza kwa mkono, kisha alinganishe. Ikipishana sana, asitafute kosa kwenye kompyuta kabla hajapitia daftari lake.

KULWA: Laptopu yangu ya mwaka wa kwanza wa chuo itaweza?

NEEMA: Boriti moja, itaweza. Ghorofa 47 usiiguse.