Kwa Nini Mtungi na Si Ndoo?

Walimu wenzangu wa Kigoma,

Kwa miaka mingi niliandika ubaoni kwamba chuma ni kigumu, mpira huvutika na kioo hupitisha mwanga, nao watoto wakanakili, wakakariri, wakafaulu. Lakini ungemuuliza mmoja wao kwa nini mama husonga ugali kwa mwiko wa mti ilhali sufuria ni ya aluminiamu, angekutazama tu. Siku hizi naanza na matumizi, kisha namtaka mtoto anieleze kwa nini kitu kingine kisingefaa mahali hapo. Mwiko hautuchukulii muda: aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mti, basi moto hufika kwenye ugali upesi bila kufika mkononi.

Mtungi ndio unaostahili kipindi kizima. Mtoto huona majimaji nje yake, akasema unavuja, nami simsahihishi upesi. Chukueni mitungi miwili midogo iliyolingana, mmoja mkaupake rangi ya mafuta kwa nje na kuuacha ukauke, kisha ijazeni maji kiasi kilekile na kuiweka kivulini penye upepo tangu asubuhi. Ikifika adhuhuri, asiye na kipimajoto aonje maji. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno ambamo maji hupenya hadi nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki. Rangi imeviziba vitundu hivyo, kama vile ndoo ya plastiki isivyokuwa navyo kabisa. Fanyeni jaribio hili kiangazi, kwa sababu masika hewa huwa na unyevu mwingi na tofauti hupungua (mimi niliaibika mbele ya darasa mwezi Machi). Kisha waulizeni kama mtungi huohuo ungefaa kuwekea mawese.

Kwa madarasa ya juu tunayo Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili isitekwe, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo bado ilifaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na hewa, na grisi huvizuia visikifikie. Misumari miwili, mmoja umepakwa grisi, na vikopo viwili vya maji vyatosha kulionyesha hilo. Anzeni Jumatatu, maana kutu huchukua siku kadhaa, na watoto watataka kuchungulia kila asubuhi.