Namna ya kumsafisha mbwa jicho na kumtia dawa

Habari zenu ndugu zangu, leo nipo hapa Arua, Uganda, barazani na huyu anaitwa Simba, hebu tazameni jicho la kushoto, matongo ya kijani yameganda mpaka kope zimeshikana. Daktari wa mifugo alimwona jana akaandika dawa, mimi kama nesi wa wanyama nimekuja kumwonyesha mwenye mbwa kazi ya nyumbani, basi na nyinyi muone.

Nawa mikono na sabuni. Chemsha maji yapoe yawe vuguvugu, au nunua salaini ya 0.9% famasi, yaani maji ya chumvi yaliyopimwa tayari, mi naipenda hiyo maana hakuna kukisia chumvi. Pamba achana nayo, nyuzi zake zinabaki jichoni, tumia kitambaa cha bandeji.

Sasa mshike. Usimjie kwa mbele, ataogopa, mkalishe halafu wewe piga magoti nyuma yake, makalio yake yawe katikati ya mapaja yako asipate pa kurudi. Paka mviringishe kwenye taulo kibaki kichwa tu.

Lowesha kitambaa, kiweke juu ya matongo, tulia, hesabu mpaka 30. Hapa ndo watu wanaharibu, wanakwangua na kucha jamani, inauma! Ona sasa, yamelainika yenyewe, yanateleza. Futa kuanzia kona ya puani kwenda nje, mara moja, kitambaa hicho tupa, chukua kingine, na jicho la pili lina vitambaa vyake.

Dawa: inua kidevu, mkono wenye chupa uegemeze juu ya kichwa chake, akitikisika mkono unaenda naye na chupa haimchomi. Tone moja, mdomo wa chupa usiguse jicho. Kama dawa ni mbili ngoja dakika 5 katikati, ya tyubu iwe ya mwisho. Mpe kipande cha nyama. Akijikuna mvalishe kola ya kuzunguka kichwa asifikie jicho, huna, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, lainisha kingo, mvalishe.

Na hili naomba mnisikilize vizuri, msimtie mnyama matone ya macho yaliyobaki ya mtu. Mengine yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni, na jicho likiwa na kidonda juu ya kioo chake steroidi inazuia kisipone, linaweza kutoboka kabisa. Ndo maana daktari anatia kwanza rangi ya fluoresini, kidonda kikiwepo kinang'aa kijani. Nimeshapokea mbwa aliyetiwa matone ya bibi siku nne, walimpenda sana yule mbwa, tukalitoa jicho.

Jicho likigeuka buluu lenye ukungu kama maziwa na mbwa ana homa anakonda, huku kwetu mbung'o wapo, inaweza kuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, mpeleke apimwe damu. Nyoka akimtemea mate mwagia maji mengi hapo hapo dakika 15 mpaka 20 bila kuacha, hata ya jerikeni, halafu ndo uende kwa daktari. Jicho likichomoka usilirudishe, lifunike na kitambaa chenye salaini, panda boda sasa hivi, usingoje asubuhi.

Simba dawa yake ni mara 4 kwa siku, tunamtia tena saa kumi jioni, na leo mwenye mbwa ndo atashika chupa mi nimsimamie.