Una MBA Tayari, Unataka Nini Tena Ughaibuni?

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Tukisema "shahada ya pili" kwa kawaida tunamaanisha uzamili. Leo nazungumza na aliyeupita uzamili huo: mtu mwenye MBA yake, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, kabatini, miaka arobaini na kitu, watoto wako sekondari, na bado anataka kwenda nje kusoma biashara tena. Mimi niliomba nikiwa na miaka 47. Nilikataliwa mara mbili kabla ya kupata nafasi Uingereza.

Nilidhani wananikataa kwa umri. Sivyo. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, haina ukomo wa umri. Inataka saa 2,800 za kazi, na watu wa rika letu wanazo mara kumi ya hizo. Kinachotukwamisha ni ile MBA tuliyo nayo. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa kozi zake za maendeleo, kwa kawaida inataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Baadhi ya vyuo havimpokei kabisa mwenye MBA kwenye MBA nyingine. Mimi sikuyasoma masharti hayo. Nilimlipa wakala akaniambia, "Wewe peleka tu, mama." Fedha ile sikuiona tena, na iliniuma, maana ilikuwa ya ada ya mtoto.

Njia ipo lakini. Kuna programu za mwaka mmoja zilizowekwa kwa ajili ya watu wazoefu: chuo cha MIT, Marekani, kilianza kuwasomesha mameneja wa namna hiyo mwaka 1931, na Stanford, huko huko Marekani, wana yao, inayotaka angalau miaka 8 ya kazi. Au unachagua uzamili mwembamba zaidi, wa fedha, ugavi au bima. Mimi nilichagua fedha.

Sasa barua ya maombi, ile ya kueleza kwa nini unataka kusoma, na hapa naomba tukae kidogo. Barua yangu ya kwanza ilianza, "Elimu haina mwisho." Kisha nikapanga vyeo vyangu vyote, kuanzia karani wa hesabu. Rafiki yangu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi aliisoma akiwa na kalamu nyekundu. Aya ya kwanza akaikata yote. Akaniuliza: "Ukisharudi, Jumatatu asubuhi, utafanya nini ofisini ambacho leo hukiwezi?"

Nilinyamaza. Miaka 19 nimeshika vitabu vya ushirika wa korosho kusini, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Ilinichukua wiki tatu kulijibu. Barua mpya ilianza hivi: "Najua kila shilingi iliyomfikia mkulima baada ya mnada. Sijui namna ya kumkinga bei inapoanguka korosho zake zikiwa bado ghalani." MBA yangu ya 2004 ilinifundisha kusimamia watu na bajeti, na ninaishukuru. Hilo la bei haikunifundisha. Msomaji wa faili alipofika hapo hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini nasoma tena.

Mtihani nao. GMAT, mtihani wa kuingilia masomo ya biashara, kwa sasa ina sehemu tatu, dakika 45 kila moja, na kwenye hesabu hakuna kikokotoo. Mhasibu bila kikokotoo! Aliyenifundisha ni kitinda mimba wangu, wakati huo kidato cha tatu. Vyombo vikishaondolewa mezani, ananisogezea daftari: "Mama, usikariri. Chora kwanza." Nilichora matangi ya maji na mabasi yanayopishana mpaka saa sita usiku. Sikuona aibu kufundishwa na mwanangu, nanyi msione.

La familia nalisema haraka ingawa ndilo zito. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili wa darasani, usio wa utafiti, kwenda na mume, mke au watoto. Kaeni na watu wa nyumbani kabla ya kujaza fomu yoyote: nani atamwangalia mzazi mgonjwa, nani atasaini ripoti za shule, mkopo wa nyumba utalipwaje. Sisi tuliyaandika kwenye karatasi, kila jambo na jina la mtu, tukaibandika kwenye friji. Mwaka mzima ilikaa pale.

Mliokuja na barua zenu, leteni hapa mbele. Tuanze na aya ya kwanza.