Miguu Hutangulia Macho

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Kila ninaposhuka kwenye baiskeli hii ya kuegemea, ya magurudumu matatu, ambayo huiendesha nikiwa nimeegama na miguu ikiwa mbele, naulizwa: "Huogopi kukanyagwa? Huko chini nani atakuona?" Silipuuzi swali hilo, maana lina nusu ya ukweli. Kiti changu kiko kama sentimita 30 tu juu ya lami. Lakini dereva anayenifuata kwenye barabara iliyo wazi ananiona. Kama anaona mistari iliyochorwa barabarani, atakosaje kuona kitu chenye upana wa sentimita 80, chenye taa na bendera inayopepea juu ya kijiti? Wengi hupunguza mwendo kwa mshangao. Umbo hili bado ni geni machoni. Mwaka 1933, mjini Paris, mwendesha baiskeli Francis Faure alivunja rekodi ya umbali unaoendeshwa kwa saa moja, akiwa juu ya baiskeli ya kuegemea, akapita kilomita 45. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaziondoa baiskeli za aina hiyo mashindanoni, na watu wakaacha kuziona.

Hatari yenyewe iko pale ambapo kitu kimekaa kati ya macho yangu na macho ya dereva.

Tazameni njia panda. Kanyagio zangu ziko mbele ya macho yangu kwa zaidi ya mita moja. Gari likiegeshwa karibu na kona, siwezi kuchungulia kabla miguu yangu haijaingia barabarani. Siku moja nilichomoza hivyo kando ya gari la mizigo. Nilisikia breki kabla sijaona chochote. Nilipogeuka, bampa ilikuwa karibu na ncha ya kiatu changu, na wadudu waliokaukia juu yake ningeweza kuwahesabu. Dereva yule hakuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo siambai magari yaliyoegeshwa. Napita katikati ya njia yangu, ambako naonwa mapema na mlango ukifunguliwa ghafla haunifikii. Kona ikiwa kipofu kabisa, nashuka na kuisukuma baiskeli. Sioni aibu.

Lori ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Dereva wake amekaa juu mno. Nikijipenyeza ubavuni pake au chini ya bampa yake, kwake mimi sipo. Nabaki nyuma, tena kwa nafasi. Nisipouona uso wake kwenye kioo chake cha pembeni, najua naye hanioni.

Vioo vyangu ni viwili, kulia na kushoto, kwa sababu ukiwa umeegama shingo haigeuki vya kutosha. Nyayo nazifunga kwenye kanyagio. Mguu ukiteleza ukagusa lami, baiskeli huendelea mbele na kuuvuta chini ya fremu. Hapo mfupa huvunjika. Na breki: kwenye hii yangu kila mkono unashika gurudumu moja la mbele. Ukitoa mkono kuonyesha unakokata huku mwingine ukibana, baiskeli inavutwa upande mmoja. Basi onyesha kwanza, rudisha mkono, ndipo ubane zote mbili.

Sasa naomba mmoja wenu aje akae hapa, na mwingine asimame nyuma ya mlango ule. Wewe uliyekaa, kanyaga polepole kuelekea nje, usimame pale utakapomwona mwenzio. Sisi wengine tutapima miguu yako imetoka kiasi gani.