Titi la Kulia Limegoma Kushuka

ZUHURA: Karibuni tena. Leo kwanza watoto watoke sebuleni. Mnakumbuka niliwaambia nimefanya upasuaji wa kuinua matiti. Basi leo niko wiki ya 11, na mimi na kioo hatuelewani.

NEEMA: Kimekukosea nini tena?

ZUHURA: La kushoto limetulia, limekaa vizuri hasa. La kulia liko juu, limejaa, limekaza. Nikivaa dera hakuna anayejua. Nikivaa blauzi ya kubana, shoga, naona mtu na jirani yake.

NEEMA: (anacheka) Haya. Kwa wageni wetu, mimi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, ila siyo daktari wako wewe unayenisikiliza. Zuhura, walikukata vipi?

ZUHURA: Ule mkato wa nanga. Unazunguka chuchu, unashuka wima, halafu unapita chini kwenye mkunjo.

NEEMA: Sawa. Watu wanadhani kuinua titi ni kuvuta ngozi kama unavyotandika shuka. Siyo. Ngozi iliyozidi inaondolewa, chuchu inapandishwa, nyama ya ndani inapangwa upya na kushonwa. Sasa nyama hiyo imeumizwa, lazima ivimbe. Ndiyo maana mwanzoni titi linakaa juu mno, limejaa huku juu na chini liko bapa. Uvimbe ukipungua, ngozi ya chini ikalegea kidogo, ndipo linashuka. Nani kakwambia yote mawili yanashuka siku moja?

ZUHURA: Hakuna aliyeniambia lolote, na hilo ndilo linaloniuma. Kliniki niliyokwenda walinipa dawa, wakanipa sidiria yao ile isiyo na waya, wakasema rudi baada ya wiki 2 tutazame mshono. Habari ya sura, kimya.

NEEMA: Hapo walikosea. Hayo mtu anaambiwa kabla hajapewa nusu kaputi. Miezi 3 unaanza kuona picha, ya mwisho ni miezi 6 hadi mwaka. Makovu ndiyo yanachelewa zaidi, hata mwaka na nusu. Ngoja, unatumia mkono gani?

ZUHURA: Wa kulia.

NEEMA: Wiki ya 4 ulikuwa unafanya nini?

ZUHURA: Neema, usinifanyie hivyo hewani.

NEEMA: Sema.

ZUHURA: Nilikuna nazi. Mbili tu! Wageni walikuja, ningewapa wali mkavu? Jioni hili la kulia likajaa kama limemwagiwa maji ya moto.

NEEMA: Mbuzi, wiki ya 4! Msuli unaosukuma ule mkono umelala nyuma ya titi hilo hilo. Sisemi nazi ndiyo iliyokufikisha hapa leo. Lakini kazi za mikono zinakatazwa kama wiki 6 hivi kwa sababu.

ZUHURA: Na ndilo lililofunguka pia. Pale chini mikato inapokutana, kitundu kama punje ya mahindi. Nililia.

NEEMA: Hapo ndipo panapofunguka mara nyingi, maana ngozi inavutwa pande zote na damu inafika kwa taabu. Kikiwa kidogo, kinasafishwa, kinafungwa bandeji, kinajifunga chenyewe taratibu. Kovu lake huenda likawa pana kuliko la upande wa pili. Na kama kwenu mna keloidi, yale makovu yanayovimba na kuzidi jeraha lenyewe, mwambie daktari mapema.

ZUHURA: Kwa hiyo nisubiri tu.

NEEMA: Wewe, ndiyo. Ila wasikilizaji wasilale. Siku ya 1 au ya 2, titi moja likivimba ghafla, likawa gumu, likauma kuliko mwenzake, damu inaweza kuwa inajaa ndani. Hapo ni hospitali usiku huo huo. Baadaye, ukiwa na homa, usaha, au ngozi ina joto na inang'aa, nenda. Wanaandika kwenye vipeperushi "wekundu". Kwa ngozi zetu hizi wekundu utauona wapi? Gusa kwa kiganja. Na chuchu ikibadilika rangi, kijivu au nyeusi isivyo kawaida, piga simu saa hiyo.

ZUHURA: Nyeusi juu ya nyeusi nitajuaje?

NEEMA: Tazama mwenzake. Si Mungu kakupa mawili? Na miezi ikipita ukakuta kinundu kigumu ndani, mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu. Lakini usijihukumie mwenyewe, kapigwe ultrasaundi.

ZUHURA: Sasa nikupe kitu. Juzi napanga kabati, nikatoa sidiria zangu za zamani, nne. Zote, mkanda wa kushoto kile kidude cha kufupishia kimepandishwa juu kabisa. Wa kulia kiko chini.

NEEMA: Ehee!

ZUHURA: Miaka yote nilikuwa nafupisha wa kushoto, hata sifikirii. Mkono unakwenda wenyewe.

NEEMA: Kwa hiyo la kushoto lilikuwa chini tangu zamani.

ZUHURA: Tangu shule!

NEEMA: Wanawake wengi wako hivyo. Daktari anayafanya yakaribiane kufanana, hawezi kuyafanya nakala. Walikupiga picha kabla?

ZUHURA: Walinipiga, baada ya kunichora na kalamu nikiwa nimesimama. Sijawahi kuziomba.

NEEMA: Ziombe. Halafu jipige mwenyewe mara moja kwa mwezi, sehemu ile ile, taa ile ile. Siyo kila asubuhi.

ZUHURA: Na kama likigoma kabisa kushuka?

NEEMA: Kurekebishwa kupo, mengine madogo hata kwa ganzi ya kawaida. Ila madaktari wengi hawakugusi kabla ya miezi 6, wengine wanataka mwaka. Watakataje kitu ambacho bado kinatembea? Kwani baba watoto anasemaje?

ZUHURA: Nilimsimamisha mbele yangu, taa zote zinawaka. Nikamwambia, niambie lipi limeshuka. Akatazama. Akarudi nyuma kidogo, akatazama tena. Akanyoosha kidole la kulia.

NEEMA: Lililo juu?

ZUHURA: Lililo juu!