Akiba ya Volti Haina Namba Moja: Mhadhara kwa Wahandisi wa Nairobi

Wahandisi wenzangu, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliosimama hadi mlangoni, asanteni kwa kuja.

Ripoti za gridi, yaani mtandao wa umeme, hupenda kumalizia hivi: ukanda wa Nairobi unaweza kuongezewa megawati 200 kabla volti haijaporomoka. Nafasi hiyo iliyobaki ndiyo akiba ya volti. Hiyo 200 ni mfano wangu tu. Ombi langu jioni ya leo ni kwamba tusipokee tena jibu la namna hiyo bila kuuliza: na kama tumekosea kidogo kuhusu mzigo, yaani umeme unaovutwa na watumiaji, zingebaki ngapi?

Stima ya jiji hili hutoka mbali: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani unaopita zaidi ya kilomita 400 hadi substesheni ya Suswa, na laini ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia. Megawati husafiri vizuri. Nguvu riaktivu, ile inayoshikilia volti, haisafiri. Laini ikilemewa huila njiani. Kwa hiyo tunaizalisha karibu na mtumiaji, mara nyingi kwa kapasita. Lakini volti ikishuka hadi asilimia 90, kapasita hutoa asilimia 81 tu ya uwezo wake. Inapungua saa ile ile tunayoihitaji.

Sasa tuje kwa mtumiaji, na hapa nitakawia. Balbu ya zamani, volti ikishuka, hufifia na kupunguza mzigo bila kuambiwa na mtu. Televisheni na chaja ya kompyuta hudai nguvu ile ile, kwa hiyo huvuta mkondo zaidi. Mota ya kusaga unga Kawangware, au ya kiwanda kule Industrial Area, inatisha zaidi: volti ikianguka sana hukwama, na ikikwama humeza mkondo mara kadhaa ya kawaida. Je, mchanganyiko wa vyombo hivi ukoje Eastlands saa mbili usiku? Mara nyingi modeli, yaani mfano wa gridi kwenye kompyuta, hujazwa makisio, na makisio hayo yakaachwa humo miaka mingi huku nyumba zikibadilisha vyombo.

Tokyo ililipia jambo hili tarehe 23 Julai 1987. Siku ya joto kali, baada ya mapumziko ya mchana, mzigo ulipanda kwa karibu megawati 400 kila dakika. Kapasita ziliwashwa, volti ikaendelea kushuka, na wateja wapatao milioni 2.8 wakabaki bila umeme. Tabia ya viyoyozi volti inaposhuka ilichangia.

Magharibi mwa Marekani, tarehe 10 Agosti 1996, tatizo lilikuwa mitikisiko ya nguvu, yaani umeme kupanda na kushuka kwenye laini, lakini funzo la modeli ni lile lile. Wahandisi walipolirudia tukio kwenye kompyuta kwa modeli zao za kila siku, kompyuta ilionyesha mitikisiko ikitulia. Gridi halisi ilikuwa imekatika vipande.

Basi tufanyeje? Endesha hesabu ya akiba hiyo mara elfu, kila mara ukibadilisha sehemu ya mota, tabia ya mzigo na uzalishaji wa upepo. Jibu litakuwa upana, na kwa maoni yangu anayepanga uendeshaji wa gridi anapaswa kutazama ukingo wa chini, si wastani. Kisha tafuta ni kigezo gani kinachouyumbisha ukingo huo zaidi, ukakipime hicho kwanza. Naamini mara nyingi kitakuwa mzigo.

Kupima si kazi ya gharama kubwa. Katika substesheni, panda tepu moja ya transfoma, yaani hatua moja ya kuongeza volti, usome megawati kabla na baada, ndani ya sekunde chache, kabla vidhibiti vya volti vilivyo karibu na wateja havijaanza kurekebisha. Zikipanda kwa karibu asilimia 1.5 hadi 2 kwa kila asilimia 1 ya volti, mzigo una tabia ya balbu. Zisiposogea, una tabia ya chaja. Rudia asubuhi na usiku, Jumatatu na Jumapili. Jaribio hilo halitafichua mota zinazokwama, maana volti haitashuka vya kutosha. Kwa hizo, wacha rekoda kwenye fida, yaani laini zinazopeleka umeme mitaani, zisubiri hitilafu ya kweli.