Pikapu ya Zamani Huuawa na Joto

Ndugu zangu, mkinipa pikapu yenye kilomita 400,000 niikague, sianzi na mita. Injini ikiwa baridi, nafungua mfuniko wa rejeta na kutazama maji. Nikikuta rangi ya kutu, najua mwenye gari amekuwa akijaza maji matupu kwa miaka, na chuma kinaliwa ndani kwa ndani.

Kulanti, kimiminika cha kupoza injini, si maji yaliyotiwa rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo huisha nguvu hata kama kulanti yenyewe haijapungua. Ile ya kijani ya kawaida ibadilisheni kila baada ya miaka 2 hivi, mkiichanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi hujenga magamba kama yale ya ndani ya birika, na magamba huzuia joto lisitoke.

Huo mfuniko nao tunauonea. Kazi yake ni kubana presha. Presha ikizidi ile ya hewa ya nje kwa baa 1 hivi, maji hayachemki kwa nyuzi 100, bali karibu 120. Springi yake ikichoka, yanachemka mapema. Nimeona watu wakinunua rejeta nzima, kumbe ubovu uko kwenye mfuniko.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Injini imechemka, fundi anaitoa na kuitupa, gari linaonekana limepona. Ugonjwa umefichwa tu! Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Bila hiyo, injini huchelewa kupata joto lake, mafuta hayaungui vizuri, mengine huteremka kwenye kuta za silinda na kuizimua oili. Ringi za pistoni zinalika. Baadaye tunaambiwa gari limezeeka. Hapana, limezeeshwa.

Na mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo. Usiseme zimebaki kilomita mbili. Silinda hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, inaweza kupinda kwa kuchemka mara moja tu, na gasketi iliyo chini yake ikiachia, maji huingia kwenye oili. Wala usifungue mfuniko kabla injini haijapoa, yatakurukia usoni.

Nyuma, kwenye difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu), kuna kipumulio cha kupitisha hewa, kidogo mno, nacho husahaulika. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto hewa hukosa njia, husukuma oili ipite kwenye sili, na oili huishia kwenye breki. Kisafisheni kila mnapobadilisha oili ya difu.

Taiming belti, mkanda wa mpira unaofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake, haina mjadala: fuateni kitabu cha gari, kwa kilomita na kwa miaka pia, maana mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Umenunua gari na hujui ilibadilishwa lini? Ibadilishe sasa. Na kama belti hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, weka na pampu mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu ikianza kuvuja baadaye utafungua yote upya.